Mashoto wenzangu, peni gani mnatumia isiyowachafua mkono wala daftari?

#1 karani_mashoto

Habari zenu wakuu. Mie ni mashoto wa kuzaliwa, naishi Makorora hapa Tanga, kazi yangu karani wa kuhesabu mizigo bandarini, yaani kutwa nimeshika peni na ubao wa kubania karatasi, nimesimama juani, upepo wa bahari unapuliza na karatasi imekunywa unyevu mpaka imekuwa laini kama leso. Jioni nikirudi nyumbani ubavu wa kiganja una bluu kuanzia kidole kidogo mpaka karibu na kifundo. Nilishazoea, nikaona ndo hivyo nilivyoumbwa.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi ni binti yangu. Yupo darasa la tatu, naye mashoto kama mie. Juzi karudi na daftari la Kiswahili limepigwa mstari mwekundu ukurasa mzima, chini kimeandikwa "mchafu, rudia". Mtoto kanyamaza hataki hata chai. Nikalichukua lile daftari nikasogea nalo dirishani nikalitazama vizuri. Herufi zake hazina tatizo kabisa, a imefungwa, g ina mkia wake, maneno yamekaa juu ya mstari. Kilichokuwepo ni ukungu wa bluu umepita juu ya kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia, halafu maneno mawili ya mwisho yako safi kabisa, kila mstari hivyohivyo. Hapo nikaelewa, ni njia ya mkono wake. Mkono wa kushoto unaifuata peni kwa nyuma, unaburuza juu ya kilichoandikwa sasa hivi, ukifika mwisho unanyanyuka kwenda mstari mwingine kwahiyo maneno ya mwisho yanapona. Nikamgeuza kiganja, bluu ileile.

Nikamwambia nioneshe peni yako akatoa peni ya jeli aliyoletewa na shangazi yake, nzuri inateleza ina wino mwingi, anaipenda sana. Tatizo ndo lilikuwa hapo.

Jumapili nikakaa mezani na peni 9, daftari lake, karatasi za rimu za gramu 80 na jalada la kalenda ya zamani lile la kung'aa. Naandika neno moja, napitisha dole gumba hapohapo, naandika tena nahesabu mpaka tatu ndo napitisha, halafu tano, halafu kumi. Biro za kawaida za wino wa mafuta hapohapo hazikuacha kitu au ziliacha kivuli tu. Jeli kwenye daftari ukihesabu tano bado inavutika. Zile za wino mwepesi kama maji kwenye daftari zinanyweka haraka lakini zinatokea upande wa pili wa karatasi, na kwenye lile jalada nilihesabu mpaka ishirini bado mbichi. Kwahiyo mkono uleule karatasi ileile siku ileile, tofauti ni wino tu, na ukibadili karatasi hesabu inaanza upya.

Sasa naombeni, mashoto mnaojua, mtoto wa darasa la tatu apewe nini? Na mie mtu mzima wa kuandika karatasi zenye kaboni nakala tatu? Na je kuna namna ya kukaa au kushika maana mie sijawahi kufundishwa na mtu, niliachwa nijitafutie mwenyewe.

#2 chumbageni_boy

Nipo siti ya mbele mkuu. Mie natumia kulia ila mke wangu mashoto, ntamsomea.

#3 duka_la_brb8

Karani pole na mpe pole mtoto. Nina duka la vifaa vya shule Ngamiani mwaka wa kumi na moja huu, niseme ninachokiona kaunta.

Kwanza kwenye kaboni usihangaike, chukua biro ya kawaida ya wino wa mafuta. Kaboni inataka mkandamizo, gololi ya biro inavumilia kukandamizwa. Jeli na za wino wa maji zimetengenezwa uandike mkono mwepesi, ukikandamiza nakala ya tatu haisomeki na ncha inakufa.

Pili watu waangalie kabla hawajalipa. Inua peni kwenye mwanga utazame mrija, ukiona wino umekatika katikati kuna uwazi wa hewa usichukue, itaandika nusu ukurasa halafu inakukata. Andika duara mfululizo kama kumi kwenye karatasi safi, sio kwenye kile kikaratasi changu cha kaunta ambacho kila mtu kashakichora. Ukiona duara lina sehemu nyeupe au limeacha tone zito, rudisha chagua nyingine hata kama zimetoka pakiti moja.

Tatu joto letu hili. Wino wa biro ni mzito kama asali na asali ikipata joto inakuwa nyepesi. Peni zilizokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana zinaanza kutoa matone kwenye ncha, ndo hizo zinazowachafua mifuko. Mie maboksi yangu nayaweka rafu ya chini ukutani, ncha zinaangalia chini. Kuna peni za bei ya chini kabisa zinazokuja bila hata jina la kueleweka, hizo ndo waja leo waondoka leo, sizileti tena, wazazi walikuwa wananirudishia.

Na kile kitundu kidogo ubavuni mwa Bic msikizibe na selotepu jamani. Naona watoto wanaziba wanadhani inavuja hapo. Kitundu kinaingiza hewa ili wino ushuke, ukiziba peni inagoma. Kile cha kwenye kifuniko nacho kina maana yake, mtoto akimeza kifuniko kikamkwama kooni hewa ipite, wamekiweka tangu 1991. Mwenye mtoto anayetafuna vifuniko akumbuke hilo.

#4 chumbageni_boy

Hilo la kitundu nimelisikia leo. Na peni ikigoma mnafanyaje? Sie tulikuwa tunasugua kwenye soli ya ndala.

#5 duka_la_brb8

Ndala inafanya kazi, mpira unaizungusha gololi iliyoganda wino mkavu. Ila msichome na kiberiti, unayeyusha plastiki inayoshika ncha, hapo ndo umeiua kabisa.

#6 mwl_mstaafu_muheza

Nimesoma na nimeguswa na habari za huyo mtoto. Nimefundisha madarasa ya chini kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu na nataka niseme jambo moja kwa uwazi. Miaka yangu ya mwanzo niliwabadilisha mikono watoto, nilikuwa nawagonga vidole na rula kwa sababu ndivyo na mimi nilivyofanyiwa. Nilidhani ninawasaidia. Yupo mmoja alikuwa anasoma vizuri kuliko wote darasani, nilipomlazimisha kulia akaacha kuandika kabisa, akawa anasubiri kipindi kiishe. Nimemkumbuka leo. Katika watu kumi mmoja ni wa mkono wa kushoto, maana yake kwenye darasa la watoto sitini utawakuta watano sita, na mwalimu asiyejua la kuwafanyia atawaita wachafu.

Baba wa mtoto, mfanye hivi. Daftari lisikae wima mbele yake wala lisiinamie upande ule wanaoinamishia wenzake. Lizungushe kidogo kama mshale wa saa unavyokwenda, kona ya juu ya kushoto ipande, kona ya juu ya kulia ishuke, na daftari lote lisogee kidogo kushoto kwa kifua chake. Hapo mkono wake utakaa chini ya mstari anaouandika badala ya kukaa juu yake. Wengi mnaandika mkono umepinda kama ndoano, umezunguka juu ya mstari, kwa sababu daftari liliwekwa kwa ajili ya mkono wa kulia nanyi mkalazimika kutafuta njia ya kuona mnachoandika. Mtoto wa darasa la tatu bado hajachelewa, mtu mzima aliyezoea ndoano aachwe nayo.

Peni aishike juu zaidi kuliko wenzake, vidole vikae kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye ncha, aone herufi anayoiumba. Chini ya mkono aweke kipande cha karatasi safi, akishuka mstari anashuka nacho.

La mwisho nalisisitiza sana. Uliza anakaa wapi kwenye dawati. Dawati la watoto watatu, mashoto akikaa katikati au upande wa kulia kiwiko chake kinagongana na cha mwenzake kila neno, wote wawili wanaharibu. Akae mwisho wa kushoto. Jambo hili halihitaji fedha wala kibali, ni kumwomba mwalimu wake kwa upole.

#7 karani_mashoto

Shikamoo mwalimu. Yaani nimesoma hii nikaita mtoto hapohapo nikamuuliza unakaa wapi, kasema katikati. Na kasema jirani yake humsukuma mkono. Mwalimu Mungu akubariki sana, Jumatatu naenda.

#8 mwl_mstaafu_muheza

Marahaba. Nenda asubuhi kabla ya kipindi, usiende na daftari mkononi kama mwenye mashtaka.

#9 nesi_bagamoyo

Jamani uzi huu umenikuta kabisa. Mie nesi huku Bagamoyo, mashoto, na sie peni tunaandika kwenye mafaili usiku kucha. Kwetu kuna jambo la ziada, vitakasa mikono. Unapaka mikono spiriti, haijakauka vizuri unashika faili, wino wa biro unaondoka na kiganja. Spiriti inayeyusha wino wa mafuta, ndo maana hata doa la biro kwenye nguo linatoka kwa spiriti. Nilishapata doa kwenye gauni jeupe la kazi, mfukoni, peni ilikuwa imelala ncha chini kwenye joto, nikakimbilia kulifua na sabuni likatapakaa likawa kubwa kama kiganja. Msikimbilie maji. Weka kitambaa kikavu chini ya doa, gusagusa juu na pamba yenye spiriti, sogeza kitambaa sehemu safi, gusa tena, wino unahamia chini. Ukimaliza ndo ufue. Ila kama ni jeli zile nyeusi sana usitegemee, nyingi rangi yake ni unga laini uliojishika kwenye nyuzi, spiriti haiutoi.

Peni ninayotumia sasa kaka yangu aliniletea, Uni Jetstream ya ncha ya milimita 0.7. Ni biro ya mafuta lakini mafuta yake mepesi, inateleza kama jeli halafu inakauka upesi. Nimeandika nayo miezi mitano kiganja changu kiko safi, naona hata aibu nilivyokaa miaka yote hiyo nakwangua mkono na dodoki. Bei yake ipo juu ukilinganisha na peni za mia tatu, ila mrija unabadilishwa ukiisha.

Na nawaonya kitu kimoja hasa wanaosoma. Zipo peni za kufutika, unasugua na mpira wa nyuma maandishi yanapotea, kama Pilot FriXion. Zile hazifutwi kwa kukwanguliwa, zinafutwa kwa joto la ule msuguano, wino ukifika kama nyuzi 60 unakuwa hauna rangi. Sasa wewe acha daftari kwenye dashibodi ya gari mchana wa Januari hapa pwani uone. Dada mmoja wa zamu yetu aliandika ratiba yote ya mwezi akaisahau garini, aliporudi karatasi nyeupe. Tukaiweka kwenye friza usiku mmoja, ule wino ukipata baridi kali chini ya sifuri unarudi, tukaisoma tukainakili. Kwahiyo ya kufutika ni ya mazoezi na mipango yako tu, usisainie mkataba, usijazie fomu, na mtihani usiguse.

#10 mmachinga_wa_vitabu

Mie nampinga karani kidogo kuhusu jeli. Sio jeli zote. Jeli yenyewe ni wino wa maji uliofanywa mzito, Sakura wa Japani ndo walianza nayo 1984, tangu hapo zimegawanyika. Pentel EnerGel na Zebra Sarasa Dry zinakauka upesi na mashoto wengi duniani ndo wanazozitumia. Mie mwenyewe mashoto natumia EnerGel ya 0.5. Siri nyingine ni namba ya ncha, 0.5 inaweka wino kidogo kuliko 0.7 na 1.0, wino kidogo unakauka mapema. Watu wananunua 1.0 kwasababu inateleza halafu wanailaumu jeli nzima.

Ila nakubali kwenye masika hesabu inabadilika. Aprili hewa imejaa maji, karatasi imejaa maji, wino wa maji ukauke uende wapi? Kiangazi peni yangu inakauka nikihesabu mbili tatu, masika naifika sita.

#11 karani_mashoto

Mmachinga nakubali, nilizopima mie zilikuwa za sokoni tu, hizo ulizotaja sijazishika. Na kweli hii ya mtoto ni 1.0.

#12 kiapo_na_mhuri

Naingilia upande wa nyaraka maana nafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili. Mnaongelea kukauka tu, ongeleeni na kudumu. Zipo peni zimeandikwa ubavuni ISO 12757-2, hiyo ni biro iliyopimwa kwa ajili ya nyaraka, yaani wino wake hautoki kirahisi kwa maji, mwanga, spiriti na madawa ya kufutia. Jeli zina namba yake 27668, nazo zikiwa na mkia wa -2 ni za nyaraka. Mashoto anayesaini hati za maana atafute hizo badala ya kuangalia kukauka peke yake.

Rangi ni bluu au nyeusi, hata mitihani ya taifa maelekezo ni hayohayo, michoro ndo penseli. Mie napendelea bluu kwenye saini kwasababu ukipiga fotokopi nyeusi na nyeupe unajua ipi halisi.

#13 mzee_wa_nibu

Wajukuu zangu mmesahau kalamu yenyewe ya wino, ile ya nibu. Mimi ni mashoto wa Raskazone na ninaandika kwa nibu mpaka leo na mkono wangu ni safi. Watu husema mashoto hawezi. Anaweza, lakini ajue anafanya nini. Mwenye kulia anaivuta nibu, mashoto anaisukuma, na nibu nyembamba kali ukiisukuma inachoma karatasi kama mwiba, inarusha vitone. Mashoto achague nibu yenye ncha ya mviringo, saizi ndogo, na asiikandamize. Lamy wana nibu ya mashoto kabisa, imeandikwa LH, inaingia kwenye kalamu yao ya Safari iliyotoka 1980.

Wino ndio jambo kubwa. Enzi zetu tulikuwa na Quink ya Parker, imekuwepo tangu 1931, na jina lenyewe linatokana na kukauka haraka. Pelikan 4001 hutoka kidogo kidogo kwenye kalamu, haumwagiki, huo unamfaa mashoto. Ile ya bluu-nyeusi ya Pelikan ina chuma ndani yake, ukiandika inakuwa bluu, siku zikipita inakuwa nyeusi na maji hayaitoi. Wino wa namna hiyo ndio uliotumika Ulaya kwa karne nyingi kwenye vitabu vya vizazi na ndoa. Ila msiuache ukakauka ndani ya kalamu. Na wino wa China, ule wa kuchorea, msiutie kabisa kwenye kalamu ya kujaza, unaganda ndani kama lami na hautoki tena.

Kila nikibadili wino naiosha kalamu kwa maji ya kawaida mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana.

#14 mtoto_wa_chuoni

Mzee wa nibu shikamoo. Umenikumbusha chuoni kwetu, Pangani, nilikosomea Kurani. Mie mashoto, na shuleni nilikuwa mchafu kama binti wa karani, lakini chuoni nikawa msafi kuliko wote, na sikuelewa kwanini mpaka nimekuwa mkubwa. Kiarabu kinaanzia kulia kwenda kushoto. Mkono wa kushoto unatangulia mbele kwenye karatasi tupu, wino unabaki nyuma, haugusi kitu. Wenzangu wa kulia ndo walikuwa wanapita juu ya wino wao.

Mwalimu wetu Mungu amrehemu alikuwa anachonga kalamu za mwanzi yeye mwenyewe. Anachagua mwanzi mkavu wa rangi ya kahawia, anaukata mshazari na kisu kidogo, anaugeuza anaupunguza tumbo, halafu anapasua ncha katikati kidogo tu ili wino ushuke. Ukisikia "tak" ndo tayari. Wangu aliukata mshazari kinyume na wa wenzangu, hakusema kitu, alinipa tu. Wino ulikuwa wa masizi na gundi ya mgunga, na ndani ya kidau kuna vinyuzi vya hariri vinanyonya wino, kalamu ikichovya inachukua kiasi, haitoki inadondosha. Wala hakuniambia nibadili mkono wa kuandikia. Kula alinisisitiza mkono wa kulia, kuandika akaniacha.

#15 bibi_wa_sahare

Nashukuru umelisema hilo mwanangu. Kuna wazazi wanachanganya adabu ya kula na mkono wa kuandikia, mtoto anapata tabu bure. Mjukuu wangu anakula kwa mkono wa kulia, anaandika kwa kushoto, na nyumba ina amani.

#16 mmachinga_wa_vitabu

Mashoto wa vyuo mnakaaje kwenye vile viti vya ubao wa kuandikia upande wa kulia? Mie nilifanya mtihani wa saa tatu nimejipinda kiuno, mkono wa kushoto unaning'inia hewani, ukumbi mzima hakuna kiti hata kimoja cha kushoto. Nilikuja kugundua ukiwahi mapema unaomba viti viwili, cha pili unakiweka upande wako wa kushoto, ubao wake unaegemeza kiwiko. Ombeni mapema, msisubiri karatasi zigawiwe.

#17 nesi_bagamoyo

Na madaftari ya waya, waya unakuumiza kiganja kushoto. Geuza daftari uanzie nyuma, andika ukurasa wa upande wa pili tu, waya unakuwa kulia. Au tafuta zile zenye waya juu.

#18 chumbageni_boy

Mke wangu anauliza kwanini biro inakauka haraka kuliko hizo nyingine kama zote ni wino.

#19 mzee_wa_nibu

Mwambie hivi. Alikuwepo mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró, ndiye tunayemtaja kila tukisema biro. Aliona wino wa kupigia chapa magazeti unakauka mara moja, wa kalamu yake unachafua. Akataka kuutia wino wa gazeti kwenye kalamu, mzito haushuki. Ndipo yeye na ndugu yake wakahangaika na gololi ndogo nchani, inazunguka inachukua wino ndani inaubandika kwenye karatasi, tabaka jembamba sana. Hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza ni ya 1938. Baadaye Marcel Bich wa Ufaransa akaitengeneza ya bei rahisi, Bic Cristal, mwisho wa 1950. Kwahiyo biro tangu mwanzo ilitengenezwa na mtu aliyechoshwa na wino kuchafua, ndiyo maana inatufaa sisi.

#20 karani_mashoto

Wakuu narudi baada ya wiki mbili kama nilivyoahidi kwa mwalimu inbox.

Nilienda shuleni asubuhi, sikubeba daftari. Mwalimu wake ni binti mdogo ana watoto wengi darasani, alinisikiliza vizuri, akasema hakuwahi kufikiria habari ya dawati. Siku ileile akamhamishia mwisho wa kushoto, na akawahamisha wengine wawili ambao hata mie sikuwajua.

Nyumbani tumeweka alama ya chaki mezani, mstari wa mshazari, daftari lake analilaza hapo. Siku tatu za kwanza alikuwa analirudisha wima bila kujijua, nalisogeza, analirudisha. Siku ya nne nikakuta kalilaza mwenyewe. Peni ni biro ya kawaida ya bluu ya ncha nyembamba kutoka kwa dada wa duka la barabara ya 8, alinichagulia kwa kuzichora duara moja moja mbele yangu, tatu akazirudisha kwenye boksi. Ile ya jeli ya shangazi hatujaitupa, anachorea maua na kuandika kadi, na kwenye kadi anasubiri ikauke kabla hajageuza.

Juzi nimepima tena kwa dole gumba kwenye kazi yake ya shule yeye akiwa pembeni ananihesabia. Moja, napitisha, safi. Akanipokonya daftari akapitisha mwenyewe mistari yote mpaka chini. Kwenye kile kikaratasi cha kuwekea mkono kuna kivuli kidogo tu.

Mie kwenye kaboni nimebaki na biro nyeusi. Ndoano yangu sijaibadili, mwalimu alisema niachwe nayo, ila nimeanza kuweka kipande cha karatasi ngumu chini ya kiganja nimekibana na ubao. Nesi hiyo Jetstream kama kaka yako anakuja tena naomba mirija miwili, ntakutumia hela mapema.

#21 nesi_bagamoyo

Anakuja mwisho wa mwezi, nakuwekea tatu, moja ya mtoto akifika darasa la tano.

#22 duka_la_brb8

Karani Jumamosi pitia, nimeletewa madaftari ya karatasi nzito kidogo, nimemwekea mawili chini ya kaunta. Na wale wengine wawili wa darasani kwake, waambie wazazi wao waje nao wenyewe wachague, mashoto anunue peni kwa kuijaribu kwa mkono wake.